Ipililo: Mama Anayechambua Pamba na Kumbukumbu

Ukitoka Mwanza kwa basi la asubuhi unapita Magu na kufika Lamadi. Hapo unaliacha ziwa nyuma yako na kushika njia ya Bariadi. Tulikuwa akina mama wawili, na mizigo yetu ilikuwa sukari, sabuni na vitenge, zawadi ambazo mtu hawezi kukosea anapokwenda kumwona mzee. Tulilala Bariadi. Kesho yake mapema tukaendelea na safari hadi Ipililo, kwa mama mzazi wa rafiki yetu tuliyesoma naye zamani.

Ilikuwa mwezi wa Juni, wakati wa mavuno. Nyuma ya nyua za minyaa tuliona pamba imelundikwa kwenye maturubai, na wanawake na watoto wameketi kuizunguka wakiichambua. Nchi hiyo ni tambarare, yenye vilima vya mawe huku na huko. Ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga mpaka mwaka 2012, Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa.

"Mwangaluka, mayu," tulimwamkia. Alicheka kwa jinsi tulivyolitamka neno lenyewe, akatukumbatia na kutukaribisha mkekani. Tuliletewa michembe na maziwa ya mgando. Tulipokwisha kula, hatukuona haya kuomba kazi. Alitufundisha kutenga pamba safi na fifi, ile yenye madoa na uchafu. "Wapo wanaozichanganya ili mzigo uwe mzito," alisema. "Mzani hauoni. Kiwandani wanaona."

Picha kwenye simu

Jioni mjukuu wake wa kidato cha tatu alirudi kutoka kuchunga. Ni kijana mpole, mwenye adabu. Aliketi nasi, akatoa simu yake na kutuonyesha picha: Idi Amin ameketi juu ya kiti, amebebwa na Wazungu mabegani. Picha hiyo ni ya kweli. Ilipigwa Kampala mwaka 1975.

"Huyu alikuwa mwanaume," alisema. "Aliwanyoosha Wazungu. Wanasema mabaya yake yote yalitungwa na maadui zake."

Bibi aliacha kuchambua. Hakukasirika, wala hakupaza sauti. "Jina unaloitwa ni la nani?" alimwuliza.

"La mdogo wake babu."

"Na yuko wapi?"

Kijana alinyamaza. Alijua kwamba mzee huyo alifariki zamani, basi. Ndipo bibi alipomweleza kwamba mwishoni mwa mwaka 1978 ndugu wawili wa nyumba ile walikwenda vitani, mmoja askari, mwingine mgambo. Yeye alibaki na watoto wawili na mimba ya wa tatu. Mgambo, yaani mume wake, alirudi. Askari amezikwa Kaboya.

Mambo yalivyokuwa

Akina mama wenzetu, huenda na nyumbani kwenu watoto wanaona picha kama hizo. Ni vizuri tuwe na la kuwajibu.

Idi Amin alitwaa madaraka Uganda tarehe 25 Januari 1971 kwa mapinduzi ya kijeshi. Mwaka 1972 aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, alikamatwa na askari akiwa mahakamani, na hakurudi tena kwa familia yake. Tarehe 16 Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana, baada ya maaskofu kumwandikia Amin kulalamikia mauaji. Serikali ilitangaza kwamba amekufa kwa ajali ya gari. Mwili ulipoonekana ulikuwa na matundu ya risasi. Wengine waliopotea hawakuwa na cheo chochote: walimu, wakulima, wafanyabiashara, waume na wana wa wanawake kama sisi. Makadirio yanatofautiana sana, lakini yanayotajwa mara nyingi ni kati ya watu 80,000 na 300,000.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yalivuka mpaka na kuingia Kagera, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto ni ya Uganda. Daraja la Kyaka lilivunjwa. Raia waliuawa, maelfu wakakimbia kusini ya mto, na ng'ombe wakachukuliwa makundi kwa makundi. Mwalimu Nyerere alitangaza vita, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa. Amin alikimbia, na mwaka 2003 alifia Saudi Arabia bila kufikishwa mahakamani hata siku moja.

Hata picha zina historia yake. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda lilionyesha picha zilizopigwa na wapiga picha wa serikali wakati wa Amin. Zilikuwa nyingi: Amin akicheza ngoma, Amin akihutubia, Amin akicheka. Mauaji mengi hayakupigwa picha. Mtoto anayetazama picha hizo peke yake ataona sherehe tu.

Bibi alikuwa na kumbukumbu zake ambazo vitabu havizitaji sana. Baada ya vita wananchi waliambiwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Ilizidi hiyo miezi. Sabuni iliadimika, wakafua kwa majani ya mpapai. Kipande kimoja cha khanga kilivaliwa na mama na binti kwa zamu. "Mtoto wangu wa tatu nilimpokea katika gunia lililofuliwa," alisema. "Hayo nayo ni ya Amin."

Swali la pili

Tulidhani mazungumzo yamekwisha, lakini kijana alikuwa na swali jingine. "Bibi, mbona na hapa kwetu watu waliteswa? Nimesikia wazee wakisema."

Tuliinama. Wengi wetu tungemwambia mtoto anyamaze mbele ya wageni. Mama yule alifikiri kwa muda, kisha akasema, "Ni kweli."

Alisimulia juu ya mwaka 1976. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga watu walikuwa wanauawa, hasa wazee walioshukiwa uchawi, na serikali ilianzisha msako wa wauaji. Katika msako huo watu wengi walikamatwa na kuteswa, na baadhi yao walifia mahabusu. Jirani yake mmoja alichukuliwa usiku. Aliporudi hakuweza tena kushika jembe.

"Sasa tofauti iko wapi?" aliuliza kijana.

Tulimjibu tunavyojua. Mambo yale yalichunguzwa. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa sababu yalifanywa na watu walio chini ya wizara yake, ingawa si yeye aliyewatuma. Viongozi wengine nao waliacha kazi, na baadhi ya maofisa walishtakiwa. Hilo halikumrudishia jirani mikono yake. Lakini hakuna aliyewaambia wajane kwamba waume zao walikufa kwa ajali ya gari.

Bibi aliongeza neno ambalo hatukulitegemea. Alisema mume wake hakupenda kuzungumzia Masaka, mji uliobomolewa vibaya majeshi yetu yalipoingia. Kila alipoulizwa alisema, "Kule nako kulikuwa na akina mama." Kwa hiyo hakutaka mjukuu amchukie Mganda yeyote. Alitaka tu ajue nani alifanya nini.

Kurudi

Tulikaa siku tatu. Siku ya kuondoka mama alitujazia michembe kwenye mfuko, nasi tukamwambia, "Wabeja, mayu." Njiani tulijadiliana na kukubaliana kwamba sisi wenyewe tumezembea. Tuna wazazi waliopanga foleni, waliozika, waliongoja barua, lakini hatujawauliza wala kuandika majina na miaka. Wakiondoka, watoto wetu watabaki na simu. Tulipofika nyumbani kila mmoja wetu alinunua daftari, na mmoja ameshajaza kurasa kumi na mbili kwa mama mkwe wake.

Kijana ndiye aliyetusindikiza hadi kituoni. Kabla basi halijaja alituuliza namna ya kufika Kaboya. Tulimweleza kwamba kutoka Mwanza atapita Geita na Biharamulo hadi Muleba, na huko ataulizia makaburi ya mashujaa. Aliitoa simu yake na kuiandika njia hiyo, kisha akatuuliza nauli.