Mzee, taa na gesi ya gari

Haya, leo hakuna PHP wala hifadhidata. Leo ni gesi, waya, na taa moja ya LED ambayo pale Luthuli Avenue unaipata kwa bei ya maandazi mawili.

Jirani yangu hapa Buruburu ni mzee wa teksi. Septemba 2023, petroli ilipofika shilingi 211.64 kwa lita Nairobi, alisema imetosha. Akawekewa mtambo wa gesi kwenye Probox yake: tanki la lita 60 limelala ndani ya buti, nozeli nne za gesi kwenye injini, na swichi kando ya usukani. Gesi yenyewe ni jamaa wa hii tunayopikia, mchanganyiko wa propani na butani. Gari hula lita nyingi kidogo kuliko za petroli kwa safari ile ile, lakini hesabu bado ilimpendeza.

Sasa shida. Ile swichi ina taa nne za kijani za kuonyesha kiasi cha gesi, na kwenye barabara zetu zinaruka kama za disko. Tatu, moja, nne, mbili. Gesi ikiisha kabisa, mtambo unahamia petroli wenyewe. Mtu atauliza, kwani tatizo liko wapi? Liko hapa: mzee huacha petroli kidogo tu, ya kuwashia gari asubuhi, kwa maana mtambo wa aina hii huanza na petroli mpaka injini ipate joto ndipo gesi iingie. Kwa hiyo gesi ikimwishia Outer Ring akiwa na mteja wa kuwahi ndege, anabaki na vijiko viwili vya petroli. Isitoshe, pampu ya petroli hukaa ndani ya tanki na hupozwa na petroli yenyewe. Ukiiendesha mara kwa mara tanki likiwa karibu kavu, inaungua. Yake iliungua. Hiyo ilikuwa pesa ya karo.

Akanijia jioni moja. "Kijana wangu, mimi sitaki kompyuta nyingine garini. Nataka taa. Ikiwaka, nijue."

Fundi mmoja alikuwa amemshauri anunue geji ya presha. Nilimwambia, mzee, hiyo pesa weka. Angalia mtungi wa kilo 6 jikoni: moto ni ule ule wiki nzima, halafu Jumapili chapati ikiwa kwa kikaango, unazima. Gesi hukaa mtungini ikiwa maji, na mvuke ulio juu yake una presha inayofuata joto na aina ya gesi, si kiasi kilichobaki. Propani tupu kwenye nyuzi 20 ina presha ya takriban bar 8, tanki likiwa limejaa au likiwa na lita mbili. Presha inashuka hasa pale maji yanapoisha, na hapo onyo halina kazi tena.

Kinachojua ukweli ni boya. Ndani ya tanki kuna boya kama lile la tanki la maji juu ya nyumba. Hufunga njia gesi ikifika asilimia 80, ili ibaki nafasi ya kutanuka jua likipiga, kwa hiyo lita 60 ni lita 48 za kweli. Boya hilo hilo husogeza kifaa nje ya valvu kinachobadilisha volti, na waya wake unakuja mpaka kwenye swichi.

Hapo ndipo nilipoamua: sigusi tanki. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka Mradi, Embakasi. Watu walikufa na mamia wakaumia. Si mbali na hapa. Kwa hiyo nilichukua volti kutoka nyuma ya swichi, ndani ya gari, kupitia rezista kubwa ya kilo-ohm 100. Chipu yangu inasikiliza tu. Haipeleki umeme wowote wa maana kule buti. Fyuzi ndogo mwanzoni, na kipunguza volti, kwa sababu "volti 12" za gari hufika 14 na zaidi injini ikinguruma.

Upande wa programu ndio ulionifurahisha. Kwanza, tanki ni mviringo uliolala, kwa hiyo kimo si kiasi. Nusu ya kimo ni lita 30, sawa. Robo ya kimo si 15, haifiki hata 12. Sehemu moja ya kumi ni lita kama 3 tu. Ndiyo maana watu wa gesi huapa kwamba robo ya mwisho "huibwa". Haiibwi, ni jiometri. Tulijaza lita tano tano kituoni, nikaandika volti kila mara, jedwali likatoka.

Pili, mawimbi. Napima mara kumi kwa sekunde, nachukua wastani wa dakika mbili, ndipo naamua. Taa ikishawaka haizimiki mpaka gesi ipande lita tano juu ya kiwango, la sivyo ingepepesa kila mteremko. Hali inahifadhiwa hata gari likizimwa, maana mzee hupenda kuegesha gurudumu moja juu ya kando ya barabara.

Tatu, waya ukikatika taa inapepesa. Na kila akifungua ufunguo inawaka sekunde tatu, kama ya oili, ajue LED haijafa. Taa iliyozima lazima iwe na maana moja tu.

Kiwango chenyewe tulibishania chai mbili. Mimi nilikuja na asilimia. Yeye akaniuliza, "Asilimia kumi inanifikisha wapi?" Swali zuri kuliko langu. Vituo vya gesi ya magari ni vichache, kwa hiyo tulianza na safari yake mbaya zaidi: Buruburu hadi JKIA, mteja wa Kikuyu, kisha kurudi kituoni. Tukaipa kilomita 70 na foleni. Kwa lita 12 kila kilomita 100 ni lita 8.4. Tukaweka 10.

Imewaka mara sita tangu tuifunge, na kila mara amejaza kati ya lita 39 na 42. Sasa rafiki yake wa Umoja anataka pia, ila tanki lake ni lile la umbo la donati linalokaa shimo la gurudumu la akiba, kwa hiyo jedwali langu halimfai. Jumamosi tunaenda kituoni tena, lita tano tano.