Kilumi Hakijamtoka Miguuni

UKITOKA Kibwezi, Makueni, ukashika njia ya Kitui, utavuka Mto Athi na kuingia Ikutha. Siku hizi ni lami. Zamani, msomaji, ulifika umejaa vumbi jekundu hata mama mzazi asikutambue.

Huko ndiko nilikomkuta bibi kizee mmoja, mcheza kilumi tangu usichana wake. Nilimwita Susu, kama Wakamba wamwitavyo nyanya. Tulipomaliza muthokoi alinionyesha ngoma yake: gogo refu lililotobolewa ndani, likawambwa ngozi. Mpigaji huibana kwa mapaja, na kwa kawaida huwa ni mwanamke.

Usidhani kilumi ni ule mchezo wa vijana wa Kikamba wanaopinduka hewani, ambao wageni huupigia makofi pale Bomas of Kenya, Nairobi. Hiki ni cha wanawake watu wazima. Kilichezwa mvua ikikawia, kwenye mahali pa tambiko paitwapo ithembo, au kumtuliza aliyepandwa na pepo.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Wamishonari wa Kijerumani walifika Ikutha miaka ya 1890. Ng'ambo ya Makueni, Peter Cameron Scott alifungua kituo chake Nzaui mwaka 1895. Makanisa yalikiona kilumi kuwa ni kuabudu mashetani, na aliyetaka ubatizo alitakiwa akiache.

Susu alibatizwa akiwa tayari ana watoto wanne. Ngoma ikapandishwa darini. Alicheka akisema maji yale yalimwagwa kichwani, miguuni hayakufika. Kila aliposikia ngoma ya mbali usiku, alijifunika blanketi masikio yote mawili.

Kisha mwalimu mmoja akaja kumwomba awafundishe wanafunzi kilumi kwa ajili ya tamasha la muziki la shule. Wazee wa kanisa walinung'unika. Yeye alikubali, ila maneno ya kuwaita pepo hakuyafundisha. Kilichomuudhi hasa ni saa: kitu kilichochezwa hadi alfajiri, watoto wakicheze kwa dakika chache!

Nilimuuliza ngoma itarithiwa na nani. Akamtaja mjukuu wake anayesoma Nairobi, ambaye huja Krismasi tu.

Nilipokuwa nikiaga, aliiburuta ngoma hadi uani na kuielekeza juani ili ngozi ikaze. Wanafunzi walikuwa wanakuja saa kumi.