Saa Zisizo na Kengele

Ndugu msomaji, ukiuliza habari za shule ya kanisa, mara nyingi utajibiwa kwa matokeo ya darasa la saba. Utaambiwa shule imeshika nafasi ya ngapi kiwilaya, ina madarasa mangapi, na watoto wanazungumza Kiingereza namna gani. Ni mara chache mtu huuliza mtoto yuko wapi kabla ya kengele ya asubuhi, au yuko mikononi mwa nani baada ya kengele ya mwisho mpaka giza linapoingia. Sisi tuliopewa kazi ya kusimamia saa hizo katika shule moja ya kanisa hapa Lushoto tumeona kwamba huko nako imani ya shule inapimwa. Darasani kuna mtaala na mkaguzi. Saa zisizo na kengele zinategemea kama kuna mtu aliyekubali kumwangalia mtoto.

Kazi yetu yenyewe ni ya kawaida sana. Geti linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Mwezi wa saba hapa milimani saa hiyo ukungu umefunika kila kitu, na watoto wanafika wamejikunyata ndani ya masweta, mikono imefichwa kwenye mikono ya sweta. Kuna jiko, kuna uji wa moto, kuna sala fupi na wimbo, kisha wanafunga kamba za viatu na kutafuta daftari lililosahaulika. Mchana, masomo yakiisha, tunabaki nao hadi saa kumi na mbili jioni. Wanakula, wanapumzika, wanafanya kazi walizopewa na walimu, wanacheza, wanamwagilia bustani ya mchicha. Wakati wa likizo ya mwezi wa sita na ya Desemba tunakuwa na kambi ya mchana ya majuma mawili. Tuko mchungaji mmoja, mwinjilisti, walezi wawili, mpishi na mlinzi. Tukisema "sisi" katika maandishi haya tunawahesabu wote, maana mlinzi wetu anajua majina ya watoto wengi kuliko mchungaji.

Mahitaji haya hayakuanza kwetu. Mwaka 2023 Serikali ilisitisha huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Kwa malezi ya watoto wadogo tuliona ni jambo jema, kwa kuwa mtoto wa miaka saba anamhitaji mama yake kuliko anavyohitaji kitanda cha shule. Lakini wazazi wengine walikuwa wamewaweka watoto bweni kwa sababu ya kazi zao. Hapa kwetu watu wengi wanaishi kwa mboga. Kabichi, karoti, hoho na nyanya zinatolewa mabondeni mchana, zinapangwa kwenye viroba na matenga, zinapakiwa kwenye Fuso jioni, zinateremka Mombo na kusafiri usiku kucha ili ziwahi soko la alfajiri Dar es Salaam. Mama anayefanya biashara hiyo hawezi kuwa getini saa tisa mchana. Sheria ilimrudisha mtoto nyumbani, na saa hiyo nyumba ilikuwa imefungwa kwa kufuli.

Kuna habari katika Injili ya Luka, sura ya pili, ambayo sisi wahubiri huikimbilia kwa ajili ya mwisho wake. Tunapenda kumhubiri Yesu wa miaka 12 akiwa hekaluni katikati ya walimu. Tunapita haraka juu ya yale yaliyotangulia: Yusufu na Mariamu walitembea mwendo wa siku nzima bila kujua kwamba mtoto hayupo. Hawakuwa wazazi wazembe. Walidhani yuko katika msafara, pamoja na jamaa na marafiki. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba mtoto yuko na mwingine. Ilichukua siku tatu kumpata, naye alikuwa mahali salama kuliko pote mjini. Watoto wetu wengi hawana bahati hiyo ya kupotelea hekaluni.

Jioni moja mwezi wa tano, mvua za masika zikiwa bado kali, mvulana wa darasa la tatu alibaki peke yake. Saa kumi na mbili ikapita, saa moja ikapita. Mlezi alimpa makande yaliyobaki, mlinzi akampa koti lake. Simu ya mama haikupatikana. Saa mbili usiku mama alifika kwa bodaboda, amelowa, analia. Alikuwa amekwama na mzigo shambani kwa sababu ya utelezi, akamwomba mdogo wake amchukue mtoto. Mdogo mtu alidhani dereva anayewashusha watoto wa kitongoji kile ameshampeleka. Dereva alipoambiwa mtoto huyo leo anafuatwa na shangazi, akaondoka. Hakuna aliyesema uongo. Mama alirudia neno moja tu: "Baba Mchungaji, nilijua yuko na mwenzangu." Usiku ule tulielewa msafara wa Yusufu na Mariamu kuliko tulivyoueleweshwa chuoni. Tangu siku ile tuna daftari getini. Mtoto haondoki mpaka jina la anayemchukua liandikwe, hata kama ni bibi yake mzaa mama tunayemjua kanisani miaka yote. Wengine waliona tunawadharau. Bibi mmoja alituambia kwamba yeye hajawahi kusainia mjukuu. Tulimwamkia, tukampa kalamu, akatia dole gumba.

Baada ya hapo likaja jambo gumu zaidi. Katika kikao cha wazazi ilitolewa hoja kwamba saa hizi zote zigeuzwe kuwa masomo ya ziada. Watoto wako shuleni, walimu wapo, mtihani wa darasa la nne na wa darasa la saba unakuja; kwa nini wanarukaruka uwanjani? Waliotoa hoja si watu wabaya. Ni wazazi wanaouza mbuzi ili walipe ada, nao wanaona kila dakika ya mchezo kama shilingi iliyomwagika chini. Mzee mmoja alisema wazi, "Hatuwalipi ninyi kuchezesha watoto."

Tuliomba muda, tukarudi na majibu yetu. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi wafungue shule na kuzitunza kwa fedha za mji. Sisi Walutheri tunaitaja barua hiyo kila tunapojenga darasa. Lakini humo humo Luther anakubali kwamba vijana wana miili inayotaka kuruka na kucheza. Wala hakutaka watoto wakae darasani kutwa. Aliona saa moja au mbili kwa siku zingetosha, na muda uliobaki mvulana awe nyumbani akijifunza kazi ya mikono. Hatusemi shule zetu zifuate ratiba ya karne ya 16. Tunasema kwamba baba wa shule zetu hakuona mchezo na kazi ya nyumbani kuwa adui wa elimu. Hata Katekisimu Ndogo, aliyoitoa mwaka 1529, inaweka sala ya asubuhi mtoto anapoamka na ya jioni anapokwenda kulala, nayo imekusudiwa isomwe na mkuu wa nyumba pamoja na watu wa nyumbani mwake. Kwa kuanzia, mwalimu wa imani ni nyumba. Sisi tunaoshika saa za mapema na za jioni tunashika nafasi ya nyumba kwa muda tu.

Nabii Zekaria naye, katika sura ya nane, anapotaka kuonyesha Yerusalemu iliyoponywa, anatuonyesha wazee wenye fimbo wameketi njiani, na wavulana na wasichana wanacheza katika njia hizo. Tuliwauliza wazazi: kama Mungu anaweka mchezo wa watoto katika picha ya mji aliourejesha, sisi tuna haki gani ya kuufuta kwenye ratiba?

Haikuwa rahisi. Tulikubaliana kwamba saa moja kila jioni iwe ya kazi za shule, na mwalimu mmoja akae na darasa la nne na la saba. Muda uliobaki ubaki kuwa wa watoto. Wazazi wachache hawakuridhika, wakahamisha watoto wao. Tuliumia, na pengo la ada lilionekana jikoni: kwa muhula mmoja uji ulipungua sukari. Hatuwezi kukuambia, msomaji, kwamba matokeo yalipanda ghafla ili kutuhesabia haki. Yalibaki karibu vilevile. Tunachojua ni kwamba mvulana yule wa darasa la tatu, ambaye alikuwa hasemi na mtu, sasa ndiye anayegawa timu za mpira.

Swali lingine lilitoka ndani ya kanisa lenyewe. Wilaya yetu ina Waislamu wengi, na watoto wao wamo shuleni kwetu kama majirani walivyo majirani. Saa kumi jioni watoto hao wanatakiwa madrasa. Tulizungumza na wazazi na ustadhi, tukapatana kwamba mlezi wetu atawasindikiza mpaka mlangoni, maana njia inavuka barabara ya malori. Baadhi ya wazee wa kanisa waliuliza, tena kwa uchungu: je, sadaka za Wakristo zinamlipa mtu kupeleka watoto madrasa? Tuliwajibu kwa heshima inayowastahili wazee. Tumempa mzazi ahadi kwamba mtoto wake atakuwa pale anapodhani yuko. Ahadi hiyo haina dhehebu. Tukiivunja kwa mtoto wa Mwislamu, hata Mlutheri hana sababu ya kutuamini. Na mtoto anayesindikizwa na mlezi wa kanisa anajifunza jambo juu ya Wakristo ambalo hatungeweza kumfundisha kwa mahubiri. Mzee mmoja hakukubaliana nasi, na mpaka leo hajakubali. Lakini mwaka jana ukungu ulipokuwa mzito ni yeye aliyekuja na tochi kuwasindikiza.

Kambi za likizo zina furaha yake. Huja pia watoto wa shule ya serikali iliyo jirani, bila ada, wakibeba kikombe na kuni mbili au tatu. Vijana wa usharika wanafundisha tarumbeta, maana milima hii imelizoea tarumbeta la Kilutheri tangu enzi za babu zetu. Wazee wanakuja kusimulia hadithi kwa Kisambaa. Hapo tuliona jambo la kusikitisha kidogo: watoto wetu wanaosoma kwa Kiingereza walihitaji watoto wa shule ya serikali wawatafsirie bibi zao. Siku ile waliodhaniwa wamekuja kusaidiwa wakawa walimu. Siku nyingine tunatembea mpaka Irente, tunasimama juu ya mwamba na kutazama tambarare ya Mazinde na mashamba ya mkonge kule chini. Tunapita kuwasalimu watoto wanaolelewa na dayosisi yetu palepale Irente. Huwa hatuhubiri sana siku hiyo. Watoto wanauliza maswali yao wenyewe njiani.

Tukichoka, tunakumbuka ni nani waliotutangulia. Wamisionari wa Betheli walianza kazi Mlalo mwaka 1891. Aliyewalea kiroho, Friedrich von Bodelschwingh, alikuwa mchungaji ambaye Januari 1869, katika muda wa majuma mawili, yeye na mkewe walizika watoto wote wanne waliokuwa nao. Baada ya msiba huo alikwenda Betheli, Bielefeld, mwaka 1872, akatumia maisha yake kwa wagonjwa wa kifafa na wengine ambao hakuna aliyewataka. Na Lutindi, ambayo sisi sote tunaijua kama hospitali ya wagonjwa wa akili, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa katika utumwa. Kanisa letu katika milima hii lilianza pamoja na kuwalinda watoto ambao hakuna aliyekuwa anawangoja jioni. Hatukubuni kitu kipya kwa daftari letu la getini.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Kwa hiyo tuna ombi kwa kila usharika unaosoma maandishi haya, hata usio na shule. Siku moja ya juma hili, kati ya saa tisa na saa kumi na mbili jioni, mzee wa kanisa mmoja na mama mmoja wa Umoja wa Wanawake watembee kuzunguka kanisa lao na kituo cha daladala kilicho karibu. Wawahesabu watoto wenye sare wasio na mtu. Wawaulize majina yao na nani anawafuata. Kisha wayalete majina hayo kwenye baraza la wazee, na baraza lisifunge kikao mpaka kila jina limepata mtu mzima mmoja wa kuliangalia. Uji tutakufundisheni kuupika.