Siku Mbili za Baridi Kinangop

Watu wengi wa Nairobi, ufikapo mwezi wa Julai, huona heri kukaa karibu na jiko. Mawingu hulala juu ya mapaa siku nzima, nguo zilizofuliwa hazikauki, na hata mtu asiyependa chai huinywa. Kwa sababu hiyo jamaa za karani mmoja wa hesabu hustaajabu kila mwaka wamwonapo yeye na mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, wakifunga blanketi mbili na darubini moja tayari kwenda mahali penye baridi kuizidi ile ya Nairobi. Huu ni mwaka wa tatu wanafanya hivyo. Hawaendi kumtembelea mtu, wala hawana shamba huko. Huenda kutazama ndege.

Mahali penyewe ni Kinangop, katika Nyandarua. Msafiri akifuata barabara ya Naivasha hufika njia panda iitwayo Flyover, hapo akakata kulia na kuanza kuelekea Njabini. Upande wa mashariki iko milima ya Nyandarua, ambayo wengine huiita Aberdare. Upande wa magharibi nchi hukatika ghafula na kuteremkia Bonde la Ufa. Katikati ni uwanda ulioinuka zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Zamani Wamasai walilisha ng'ombe wao huko, mpaka walipohamishwa baada ya mapatano ya mwaka 1904. Kisha wakaja walowezi na kondoo wao, na katika miaka ya 1960 mashamba yale makubwa yakagawiwa wananchi. Katika mabadiliko hayo yote ya wenyewe, kwa muda mrefu nyasi hazikubadilika sana.

Msomaji ajuaye habari za ndege huenda akasema kwamba Julai si mwezi wa kwenda kuwatazama. Ni kweli kwamba wageni kutoka Ulaya na Asia, kama mbayuwayu, hufika kwa wingi kuanzia mwezi wa Oktoba na kurudi kwao karibu na Aprili. Lakini Kenya ina aina za ndege zaidi ya 1,000, na mtu awezaye kuwachoka wenyeji kabla ya kuwajua hana haja ya wageni. Tena huyu wanayemtafuta mume na mke hawa hasafiri kamwe. Hapatikani katika nchi nyingine yoyote ila Kenya, na hata humu Kenya huishi katika nyasi za nchi za juu tu. Kinangop ndiyo ngome yake kubwa.

Ukubwa wake si wa kumstaajabisha mtu. Mgongo wake una michirizi ya kahawia kama nyasi zilizokauka, koo na tumbo ni manjano, na ukucha wake wa nyuma ni mrefu sana. Aliyewajulisha wataalamu habari zake, mwaka 1904, ni Frederick Jackson, ofisa wa serikali ya kikoloni ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Uganda. Naye akampa jina la Bwana Sharpe, mtaalamu wa ndege wa Uingereza. Mwalimu alimsikia ndege huyu kwa mara ya kwanza katika matembezi ya kutazama ndege ambayo chama cha Nature Kenya hufanya Nairobi kila Jumatano asubuhi. Yeye huweza kwenda wakati wa likizo ya shule. Mumewe, kwa kuwa Jumatano asubuhi humkuta mbele ya vitabu vya hesabu, husimuliwa jioni.

Jumamosi ilikwisha kwa raha na bila haraka. Walishuka katika gari Njabini yapata saa nne, wakanunua mahindi ya kuchoma, wakaenda kutazama maji ya bwawa la Sasumua, ambalo lilijengwa katika miaka ya 1950 ili kuupatia mji wa Nairobi maji. Manyunyu yalianguka, yakaacha, yakaanguka tena. Waliona yangeyange, bata, na korongo wawili wenye taji, ndege yule aliye katika bendera ya Uganda, wakitembea katika majimaji kwa madaha kama wazee waendao barazani. Karani akatangaza kwa sauti kwamba amemwona korongo wa tatu juu ya nguzo ya ua. Mkewe akatwaa darubini, akatazama kwa kitambo.

"Mzee," akasema, "huyo wako ameandikwa kilo hamsini."

Ulikuwa mfuko wa mbolea uliopeperushwa na upepo. Karani hakusema neno, akamimina chai. Jioni walikaa katika chumba cha kupanga, jiko la makaa likiwa mlangoni ili moshi upate kutoka, wakala mukimo, kisha wakaandika katika daftari majina ya ndege wa siku ile. Walibishana kuhusu mmoja, ambaye mume alisema ni mwewe na mke akasema siye, wakalala bila kupatana.

Jumapili asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa jalidi. Walivaa viatu vya mpira, wakaenda moja kwa moja kwenye shamba la mzee mmoja ambako mwaka uliopita walimwona ndege wao. Walipofika mlangoni wakasimama. Sehemu kubwa ya malisho yale ilikuwa imelimwa, na matuta ya viazi yalikwenda safu kwa safu mpaka kwenye mikaratusi ya jirani.

Jambo hili sharti lielezwe. Ndege huyu hutaka nyasi fupi zenye vishungi, ambamo hutafuta wadudu na kujificha. Kiota chake hukijenga chini, katika shungi la nyasi. Kondoo na ng'ombe wakilishwa kwa kiasi hawamdhuru, bali humsaidia, maana huzuia nyasi zisirefuke mno. Jembe, lakini, humwondoa mara moja, na miti ya kupandwa humwondoa pia. Naye hapendi kuruka mbali. Akishtuliwa hupaa kidogo tu, akatua na kutembea katika majani. Kwa hiyo shamba moja likilimwa hapa, na la pili likapandwa miti kule, wale waliobaki katikati huwa kama watu wa kisiwani.

Mzee aliwapokea kwa furaha, na mkewe akaleta chai ya maziwa. Mwalimu akamwuliza, kwa heshima, habari ya malisho.

"Mwalimu," akajibu mzee, "nina wajukuu wawili sekondari. Nyasi hazilipi karo."

"Na maziwa, baba?"

"Maziwa hulipa chumvi na sabuni. Viazi vikikubali msimu mmoja, nalipa mwaka mzima." Akanyamaza kidogo, akatazama jalidi. "Visipokubali, ni shauri la Mungu."

Hapakuwa na la kujibu. Chama cha Nature Kenya kimepata kununua mashamba kadhaa ya nyasi Kinangop ili ndege wakae, na wako wenyeji walioungana kuyalinda malisho. Lakini chama hakiwezi kununua uwanda wote, na mzee huyu hauzi. Alisema alizaliwa hapo hapo, baba yake akiwa kibarua wa mlowezi, na kwamba alipokuwa mtoto wa kuchunga kondoo ndege hao waliinuka karibu na miguu yake kila siku. Hakujua kwamba kwingine hawapo. Aliposikia hivyo alicheka, akasema basi yafaa kuwaonyesha, kwa maana bondeni, kwenye unyevu ambako viazi huoza, amewaachia kondoo.

Wakashuka wote watatu. Jua lilikuwa limeanza kuyeyusha jalidi na mvuke uliinuka katika nyasi. Walitembea polepole, wakasimama, wakatembea tena, mpaka vidole vya karani vikafa ganzi juu ya darubini. Ndipo ndege mmoja akainuka hatua kumi mbele yao, akaonyesha nyeupe pande mbili za mkia, akatua. Wa pili alikuwa juu ya shungi, kifua chake cha manjano kikilielekea jua. Hawakusema neno kwa muda mrefu. Mzee ndiye aliyekuwa wa kwanza kunena, akauliza kama watu hutoka mbali kwa ajili ya huyu.

"Hutoka hata ng'ambo," akasema mwalimu.

"Na hao hulala wapi?"

Swali hilo liliwachukua njia yote ya kurudi nyumbani kwa mzee. Alitaka kujua kama watu hao hula mukimo, na kama mtu mwenye chumba kimoja kizuri aweza kuwapokea. Karani, aliyezoea hesabu, alimwambia kwa haki kwamba hakujua kama wageni wa namna hiyo wangetosha kulipa karo, ila angeuliza Nairobi na kumletea jibu. Mzee akasema atapanda viazi msimu ujao palepale alipokwisha kulima, wala hatashuka bondeni kabla ya kulipata jibu hilo.

Saa nane walikuwa barabarani wakingoja gari. Katika daftari karani alikuwa ameandika tarehe, mahali, na idadi: wawili. Miguuni pake palikuwa na debe la viazi vya mzee, vilivyochimbwa pale ambapo mwaka uliopita aliandika sita.