Chura wa Kihansi na Taa Zetu



Mvua za masika zinaposhika, vyura huingia majumbani mwetu kufuata wadudu wanaokusanyika penye taa, na hapo ndipo utakapomsikia mtu akiita: "Leteni chumvi!" Chura humwagiwa chumvi mgongoni, naye huhangaika huku na huku, na watoto hucheka. Nimesomesha chuoni miaka mingi, na jambo hili nimeliona katika nyumba za watu wema, wasiomdhulumu jirani hata kwa neno. Ukiwauliza watakujibu: "Aa, Maalim, chura tu!"

Neno hilo, "chura tu," ndilo nililokusudia kuzungumza nawe leo.

Jua kwanza kwamba ngozi ya chura si kama ngozi yako. Kwa ngozi hiyo hunywa maji, na kwa ngozi hiyo huvuta sehemu ya pumzi yake. Ukimmwagia chumvi unamnyonya maji ya mwilini mwake naye yu hai. Ikiwa hutaki akae ndani, ufagio na kizoleo vyatosha kumtoa nje salama.

Jua tena kwamba chura ametajwa kwa jina lake katika mafundisho ya dini yetu. Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba tabibu mmoja alimtaja chura mbele ya Mtume (S.A.W.), akitaka kumtia katika dawa, na Mtume akamkataza kumuua. Zingatia vizuri, ndugu yangu. Aliyekatazwa hakuwa mtoto wa mchezo. Alikuwa tabibu mwenye haja, na haja yenyewe ni dawa. Basi ikiwa mwenye haja kubwa namna ile aliambiwa angalia, itakuwaje kwetu sisi tunaoua kwa kucheka?

Sasa nikuhadithie habari iliyotokea katika nchi yetu ya Tanzania. Katika milima ya Udzungwa kuna mto uitwao Kihansi, uliokuwa ukiporomoka kwa nguvu kutoka juu ya jabali. Maji yalipopiga mawe yalitoa rasharasha kama moshi, usiku na mchana, na chini yake majani hayakukauka mwaka mzima. Mwaka 1996 wataalamu waligundua hapo chura mdogo wa rangi ya dhahabu, ambaye hata akiwa mzima hafiki sentimita 3. Wengi wa vyura hutaga mayai majini, lakini huyu huzaa watoto walio hai, wadogo kuliko punje ya mchele. Hajapatikana kwa asili mahali pengine popote duniani, na makao yake yote yalikuwa kiasi cha hekta 2 tu, ya'ani shamba dogo la minazi.

Alipogunduliwa, kazi ya kujenga bwawa la umeme juu ya maporomoko yale ilikuwa imekwisha kuanza. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yalikuwa yamegeuzwa kwenda kwenye mitambo, yenye uwezo wa megawati 180, na ile rasharasha ikapotea karibu yote. Majani yakaanza kukauka. Wakaja watu wakatandaza mabomba ya kunyunyiza maji badala ya maporomoko, na mwishoni mwa mwaka huo wakachukuliwa vyura 499 wakapelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, wakatunzwe huko. Waliobaki walipata nafuu kwa muda, kisha mwaka 2003 wakafa kwa wingi, na maradhi ya ukungu yashikayo ngozi za vyura yakaonekana kwao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura wa Kihansi hayupo tena mwituni. Lakini wale wa ughaibuni walikuwa wamezaana. Mwaka 2010 wengine wakarudishwa Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa penye mto wao.

Niliposimulia habari hii darasani baada ya Isha, kijana mmoja hodari wa masuala aliniuliza: "Maalim, mgonjwa yuko hospitali chini ya mashine ya umeme, na chura yuko mtoni. Nani mwenye haki zaidi?"

Nikamwambia: "Mgonjwa, mwanangu, wala hapana shaka. Lakini angalia tena. Mitambo ya Kihansi haikuzimwa kwa ajili ya chura. Mgonjwa hakunyimwa umeme. Kilichotakiwa ni sehemu ya maji iachwe iteremke penye mkondo wake, na mabomba yatandazwe. Wewe umewaweka wawili hao wagombane, na haja yao ingeweza kupatanishwa tangu mwanzo, lau watu wangalitazama chini ya maporomoko kabla ya kuchora bwawa."

Akanyamaza, kisha akasema: "Basi kosa ni kutotazama." Nikamwambia: "Umefahamu somo."

Ndugu msomaji, mimi naandika haya chini ya taa ya umeme, na ninamshukuru Mola kwa neema hii. Simwambii mtu azime taa yake. Ninalosema ni kuwa haja yetu, hata ikiwa ya kweli, haifuti haki ya kiumbe kingine. Waswahili wamesema kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ni kweli, hazimzuii. Ndiyo maana anywaye ndiye apasaye kutazama anakanyaga nini.

Nasi tunakanyaga kila siku. Twafukia kidimbwi ili tujenge, twamwaga oili chafu mtaroni, twatupa mifuko ya plastiki kisimani, twakata mikoko bila kuuliza nani anakaa chini yake. Si lazima kila mara tuache. Mara nyingi yatosha kuuliza kwanza, kisha kuacha sehemu.

Yule wa Kihansi alipata watu waliomwahi, wakachukua vyura 499 wakawatunza. Wangapi hawakuwahiwa, wala majina yao hatukuyajua? Hao Muumba wao anawajua, na amana ilikuwa mikononi mwetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kutazama kabla ya mikono kutenda. Amin.