Mzigo Ulio Nyuma ya Ekseli



Juma hili tunaomba mtuvumilie, kwa maana tutazungumza habari za springi za gari. Hatukugeuka kuwa mafundi. Tulifundishwa jambo huko Gerezani, Kariakoo, na tukaona si vema kulifungia moyoni.

Mama yetu alipatwa na kiharusi, akawa anaishi nasi hapa Dar es Salaam. Siku moja alituambia kwamba anatamani kuiona tena milima ya Uluguru, alikozaliwa na alikozikwa baba yetu. Hakuweza kuketi saa nyingi katika basi. Sisi watoto wake tulikuwa na Coaster kuukuu iliyokwisha kustaafu kubeba abiria. Basi tukaazimu kuing'oa viti na kuifanya gari la kulala, ili Mama asafiri akiwa amelala kitandani mwake.

Kila mmoja wetu alitaka kuonekana ametoa kitu. Mmoja alileta kitanda cha chuma na godoro nene, mwingine tangi la maji la lita 200, mwingine jenereta, na dada yetu mkubwa akaleta jokofu kwa ajili ya dawa na matunda. Kwa kuwa kitanda kilichukua nafasi ya katikati, vitu vingine vyote vilisukumwa mwisho kabisa wa gari. Tulipomaliza, gari liliinama nyuma kama mnyama aliyechuchumaa, na taa zake za mbele zikaangaza majani ya miembe.

Tulimwendea fundi mmoja, tukamwomba aliinue. Aliongeza mabapa mawili ya chuma katika springi za kila upande, na kwa kweli gari likasimama wima. Tulimlipa, tukamshukuru, na alfajiri ya Jumamosi tukaanza safari kwa Barabara ya Morogoro. Kila tulipovuka tuta, sehemu ya nyuma iliruka na kuanguka kwa kishindo. Dereva alilalamika kwamba usukani umekuwa mwepesi kupita kiasi. Mama hakulalamika. Lakini tulipofika Kibaha tuliona jinsi alivyoushika ukingo wa kitanda kwa mkono wake mmoja wenye nguvu, vidole vikiwa vimekakamaa, machozi yakimtiririka kimya kimya. Tuligeuza gari. Katika njia yote ya kurudi hakuna aliyezungumza.

Jumatatu tulikwenda Gerezani. Wanaoifahamu Kariakoo wanajua kwamba hapo, kando ya maduka ya vipuri na kelele za nyundo, hakuna sehemu ya gari isiyo na mtu anayeijua. Yafaa kukumbuka pia kwamba jina lenyewe la Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kilichowekwa hapo baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Maelfu ya wapagazi wa vita ile walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, wakiwa na mizigo ya wengine vichwani. Sanamu la Askari lililozinduliwa katikati ya mji mwaka 1927 linawakumbuka na wao pia. Tulikuwa tumefika, basi, mahali palipojifunza kwa uchungu maana ya kubeba.

Tulielekezwa kwa fundi mzee. Tulimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, wanangu," kisha akaingia chini ya gari bila kuuliza neno. Alipotoka alituuliza swali moja: "Gari hili linabeba saruji au linabeba mtu?"

Tukamweleza habari za Mama. Alinyamaza kidogo, halafu akatuonyesha kijana aliyekuwa akipita na mkokoteni wa viazi. "Mtazameni huyu. Mzigo ukikaa juu ya magurudumu, anausukuma kwa vidole. Ukirudishwa nyuma, mikono ya mkokoteni inapanda juu na kumwinua yeye mwenyewe. Gari lenu ni mkokoteni huo. Mmefunga mzigo nyuma ya ekseli, halafu mnailaumu springi."

Akatupigia hesabu ardhini kwa kijiti. Kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma mna karibu mita 4. Tangi letu lilikaa mita moja na nusu nyuma ya ekseli ya nyuma. Likijaa, maji yana uzito wa kilo 200. Lakini ekseli ya nyuma huelemewa na kilo 275, kwa sababu ile ya mbele hupunguziwa kilo 75. Ndiyo maana usukani ulikuwa mwepesi. Na hayo ni maji peke yake, kabla ya jenereta na jokofu.

Kisha akatufafanulia kazi ya kila kipuri. Springi hubeba uzito. Shokapu haibebi, kazi yake ni kutuliza mrukoruko. Anayenunua shokapu mpya ili kuinua gari lililoinama amepoteza fedha. Na anayeongeza mabapa bila kupima ameifanya springi kuwa ngumu: gari husimama wima, lakini kila shimo la barabarani hupita moja kwa moja hadi mgongoni mwa aliyelala ndani. Zaidi ya hayo, springi nene haiongezi nguvu ya ekseli, wala ya matairi, wala ya breki. Tunasikia kwamba hata wenye magari ya kulala huko Ulaya, ambao wengi huongeza mifuko ya hewa juu ya springi za nyuma, hukumbushwa jambo hilohilo: mfuko huinua gari, hauongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kuubeba.

Alitutuma kwenye mzani, tukapima magurudumu ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Tuliporudi na karatasi, aliisoma na kusema, "Punguzeni kwanza. Mimi nitakuja baadaye."

Hapo, wapendwa, ndipo ilipokuwa kazi ngumu. Jioni ile tulikaa sebuleni, na ikawa lazima kuamua ni cha nani kitakachotolewa. Dada yetu alilia aliposikia habari ya jokofu. Alisema yeye hakuwapo siku Mama alipoanguka, na kwamba jokofu lile ndilo neno pekee alilokuwa nalo. Ndipo tulipotambua kwamba kila mmoja wetu alikuwa amepakia deni lake ndani ya gari lile, na kwamba aliyekuwa akilibeba ni Mama, kwa mgongo wake. Tulikesha tukizungumza mambo ambayo hatukuwahi kuyasema tangu mazishi ya baba.

Jokofu lilibaki Dar es Salaam. Kasha dogo lenye barafu lilitosha kwa dawa. Jenereta lilibaki. Tangi tulibadilisha kwa dogo la lita 60, likafungwa mbele ya ekseli ya nyuma. Ndipo fundi akaanza kazi. Aliyatoa mabapa yaliyoongezwa, akatuonyesha bapa mojawapo la zamani lililokuwa na ufa. Alifunga springi mpya za kiwango cha gari lenyewe, pande zote mbili kwa pamoja, na juu yake bapa moja la msaada lenye mwanya, ambalo haliguswi mpaka gari lizame kwa mzigo au shimo. Alibadilisha bushi na shokapu za nyuma, akafunga boliti mpya za kushikilia springi, na kutuagiza turudi baada ya safari azikaze tena, kwa kuwa springi mpya hujipanga na boliti hulegea.

Tulisafiri tena wiki mbili baadaye, dada akiwa ameketi kando ya kitanda. Tulipovuka daraja la Ruvu, Mama alikuwa amelala usingizi, mkono wake umelegea mkononi mwa binti yake. Aliamka milima ilipoanza kuonekana, akaomba dirisha lifunguliwe.

Wapendwa, huenda nanyi mna mgonjwa, au mzee, au mtoto, mnayempenda kwa kumrundikia vitu. Msiache kupenda. Lakini kabla ya kuongeza bapa jingine la chuma, ingieni kwanza chini ya gari na kutazama mzigo umekaa wapi, kisha mwulizeni yeye aliyelala ndani kama anaumia. Sisi hatukumwuliza mpaka Kibaha.