Siku ya Tatu Pumwani: Dhana ya Kurudi katika Riwaya na katika Maisha

Kitenzi 'rudi' huhesabiwa miongoni mwa vitenzi visivyo na utata. Anayerudi huelekea alikotoka, na alikotoka hudhaniwa kuwa ni mahali pamoja tu. Katika riwaya ya Admiring Silence (1996), Abdulrazak Gurnah aliitikisa dhana hiyo kwa kumwonyesha msimulizi asiye na jina, mwalimu anayeishi London, ambaye anarejea kwao Zanzibar baada ya miaka ipatayo ishirini huku jamaa zake hawana habari ya mwanamke anayeishi naye wala ya binti waliyemzaa. Kinachomtenga mtu huyo na watu wake si bahari iliyo kati yao, bali ni yale aliyoyanyamazia. Hata hivyo, riwaya hiyo, kama simulizi nyingi za namna yake, humweka aliyeondoka katikati ya mambo: yeye ndiye mwenye siri, na yeye ndiye mwenye kuzifichua. Kisa kinachosimuliwa hapa, ambacho kilitokea Pumwani mwaka 2018, kinaelekeza jicho upande wa pili, yaani kwenye kimya cha waliobaki.

Mhusika wa kisa hiki ni mwana wa Majengo anayefundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha Ujerumani. Aliondoka nchini akiwa kijana wa miaka ya ishirini. Mara ya mwisho kulala nyumbani kwao ilikuwa mwaka 2007, na baada ya hapo ikapita miaka 11 ambayo kila mmoja ulikuwa na sababu yake: mara nauli, mara mtihani wa wanafunzi, mara ugonjwa wa mtoto. Fedha, hata hivyo, hakuacha kuzituma, na kila alipopiga simu alijibiwa kwamba wote hawajambo. Neno hilo 'hatujambo' alilipokea kama habari. Kumbe lilikuwa maamkizi tu.

Pumwani si mahali panapoeleweka bila kuzitazama nyumba zake. Mtaa huo ulianzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili kuwakusanya Waafrika wa Nairobi mahali pamoja, baada ya vijiji vyao vya awali, kama vile Maskini na Mombasa, kuamriwa kubomolewa. Wakazi walijijengea nyumba za fito na udongo kwa umbo la Kiswahili, zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma, lakini ardhi iliyokuwa chini ya nyumba hizo ilibaki mali ya mji. Uchunguzi wa Janet Bujra na wa Luise White umethibitisha jambo ambalo wenyeji hawakuhitaji kuthibitishiwa, kwamba wengi wa waliojenga walikuwa wanawake wasiokuwa na waume, na kwamba baadhi yao walipata mtaji wao kwa umalaya. Wanawake hao walisilimu, wakajenga, wakapangisha, na waliokosa watoto wakajichagulia warithi. Nyumba ya kina mwalimu huyu ilijengwa na nyanya yao mzaa mama, na hakuna mjukuu aliyepata kumwuliza mtaji wake ulitoka wapi. Katika nyumba ya aina hiyo chumba si mahali pa kulala tu. Chumba ni ugali, ni karo, ni sanda.

Alifika siku ya Jumatano. Teksi ilipita kandokando ya Gikomba, na katika marundo ya mitumba aliona makoti ya baridi yaliyoelekea kutoka huko huko alikotoka, ila hayo yalikuwa yamemtangulia. Maghorofa yalikuwa yamesimama palipokuwa na baadhi ya nyumba alizozijua. Nyumba yao ilikuwapo. Alipokewa kwa vigelegele, akakalishwa kwenye kiti cha kuazima, akaandaliwa mahamri na mbaazi katika sahani zilizokuwa hazijatumiwa, na akanunuliwa maji ya chupa. Alipotaka kuinua mtungi kwenda bombani, wapwa zake walimpokonya. Siku ya pili mambo yakawa yale yale. Mdogo wa wapwa hao alimwuliza, bila nia yoyote mbaya, "Mjomba, unarudi majuu lini?"

Kwa mtoto yule kitenzi 'rudi' kilikuwa na mwelekeo mmoja tu, nao ulitazama Ulaya. Kwa mama yake mwalimu, aliyekuwa akimwambia kila jirani kwamba mwanawe "amerudi", kilitazama uwani. Yeye mwenyewe, mtaalamu wa lugha hiyo hiyo, aliketi katikati akakosa la kusahihisha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hiyo hufasiriwa kuwa ni onyo kwa mgeni mvivu. Aliyekaa siku mbili kwenye kiti cha kuazima huisikia vingine: jembe ni hati ya uenyeji, na anayeendelea kuheshimiwa bila kupewa kazi ameshahesabiwa kuwa si wa pale.

Alilazwa katika chumba chake cha zamani. Kitanda kilikuwa kile kile, shuka zimefuliwa, na vitabu vyake vya sekondari vimepangwa dirishani bila vumbi. Alifurahi, na furaha hiyo ilidumu hadi alfajiri ya siku ya tatu, alipomkuta dada yake uwani akiosha masufuria.

"Kaka, sikwambii kwa ubaya," dada alianza, "lakini hicho chumba kimefungwa tangu uondoke. Mama amekataa kukipangisha."

Hesabu aliifanya dada mwenyewe, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuifanya mara nyingi. Chumba cha namna hiyo kingeleta shilingi 3,500 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 42,000, na kwa miaka 11 ni 462,000. Katika miaka hiyo dada yake aliachika, akarejea nyumbani na watoto watatu, na wote wanne wakalala katika chumba kimoja kilichotenganishwa na kile kitupu kwa ukuta wa udongo tu. Ufunguo mama aliufunga katika pindo la leso. Fedha za Ujerumani zilisaidia, dada hakukana. Ila katika miezi zilipochelewa, au ugonjwa ulipozimaliza, hakuna aliyepiga simu kumwambia, kwa kuwa mama alikuwa amekataza mwanawe asisumbuliwe ughaibuni.

Hapa ndipo uchungu na utamu vilipokutana. Mtu aliye mbali hutamani kujua kwamba hajasahauliwa, na mwalimu huyu alionyeshwa hivyo kwa ushahidi usiopingika. Lakini kumbe kukumbukwa nako kuna bei, na bei hiyo ilikuwa ikilipwa na watoto waliokuwa wakilala mzungu wa nne.

Baada ya sala ya Ijumaa alimwomba mama ufunguo.

"Chumba ni chako," mama alisema. "Mtu hapangishi kitanda cha mwanawe."

"Sipangishi, Mama. Nampa Dada."

"Na ukija utalala wapi?"

"Nitalala ukumbini, kwenye mkeka."

Mama aliufungua pindo, akautoa ufunguo, akauweka chini badala ya kumpa mkononi. Hakusema naye tena hadi usiku. Ingekuwa ni uongo wa kisanaa kudai kwamba aliridhika. Huenda aliona kwamba mwanawe amejiondoa nyumbani kwa hiari yake mwenyewe, jambo ambalo umbali wa miaka 11 haukuweza kulifanya. Dada naye hakushukuru kwa maneno. Alfajiri ya Jumamosi alimwamsha kaka yake kwa sauti isiyokuwa na adabu ya wageni: "Kaka, amka, maji yametoka. Mitungi hiyo hapo!" Akaamka, akabeba.

Alisafiri wiki mbili baadaye. Tangu hapo simu za Pumwani zimebadilika tabia. Hazianzi na kuishia kwa 'hatujambo' tena. Zinaleta habari ya bati linalovuja, ya mpangaji aliyetoroka na kodi ya miezi miwili, ya tetesi kwamba nyumba zaidi zitabomolewa, na ya presha ya mama ambayo, kama ilivyobainika, ilianza tangu mwaka 2012. Usingizi wake umepungua. Wahusika wa Gurnah hutengana kwa yale wasiyoambiana, na mhakiki anaweza kuongeza kwamba kimya hicho hakiwi daima cha aliyeondoka. Waliobaki nao hutunga simulizi ya nyumba isiyo na shida, wakamtumia msafiri kama zawadi, na msafiri akaishi ndani yake miaka mingi akidhani ndiko kwao. Anayetaka kurudi kwa kweli hana budi kuipoteza nyumba hiyo kwanza. Atakachopewa badala yake ni jembe, nalo ni zito.